Dawa ni Kipimo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu wa wahenga hauwahusu wafanyabiashara peke yao. Unawahusu pia ndugu zetu wa Pugu, na wenzao wa Kinondoni, Temeke na Visiwani, wanaoloweka mizizi, magome na majani katika kileo na kuyatoa kama dawa.

Hatuandiki haya kwa kuidharau tiba ya asili. Taifa liliipa heshima yake zamani: utafiti wake ulianzishwa Muhimbili mwaka 1974, ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, na Zanzibar ikatunga ya kwake mwaka 2008. Lakini heshima huja pamoja na wajibu, na wajibu wa kwanza wa mwenye kutoa dawa ni kipimo.

Dawa ya namna hii, ambayo wataalamu huiita tincha, hutajwa kwa uwiano. Uwiano wa 1:5 maana yake ni gramu 1 ya dawa kavu kwa mililita 5 za kileo. Yaani gramu 100 za gome kavu hulowekwa katika mililita 500. Kwa majani mabichi desturi ni 1:2, na kwa mimea mikali ni 1:10. Basi mgonjwa anywaye mililita 5 kutoka chupa ya 1:5 amepata nguvu ya gramu 1. Akipewa chupa ya 1:10 kwa kijiko kile kile, amepata nusu yake. Je, asiyeandika uwiano juu ya chupa amempa mgonjwa nini, kama si bahati nasibu?

Wako watakaosema kwamba babu zetu walipima kwa konzi na kibaba. Ni kweli, lakini konzi ya majani makavu na konzi ya unga wa mizizi hazina uzito mmoja. Mizani haimvunjii babu heshima. Inamhifadhia elimu yake.

Ukali wa kileo nao una hesabu yake. Mafuta ya karafuu, fahari ya Unguja na Pemba, hayayeyuki vema katika maji; hutaka kileo. Ubani na manemane, kwa kuwa ni utomvu, hutaka kileo cha asilimia 90 hivi. Magome na majani mengi hutosheka na asilimia 40 hadi 60. Na mmea mbichi huja na maji yake: gramu 100 za majani zenye maji gramu 80, zikitiwa katika mililita 200 za kileo cha asilimia 40, hukishusha hadi asilimia 29 hivi. Kikishuka chini ya asilimia 20, dawa huanza kuharibika ndani ya chupa.

Hapo ndipo inapoonekana hatari ya kulowekea dawa katika gongo. Ukali wake haujulikani, na huenda ikawa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Spiriti ya viwandani ina hatari hiyo hiyo. Mwezi Novemba 2000, pombe haramu yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi. Sumu haigeuki dawa kwa kutiwa mizizi.

Kwa wale ambao dini yao inawakataza kileo, wengi wao wakiwa ndugu zetu wa Visiwani, ziko njia nyingine: siki, asali na gliserini. Hizo nazo hazivuti nguvu ya kila mmea, na hazimwondolei mtengenezaji wajibu wa kupima na kuandika.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Mabaraza ya Tiba Asili, Bara na Zanzibar, pamoja na maofisa wa afya wa wilaya, wasingoje maafa. Kila chupa iandikwe jina la mmea, uwiano wake, aina na ukali wa kimiminika, na tarehe ya kutengenezwa. Waganga wafundishwe kwanza, ndipo wakaguliwe. Kwani kumwadhibu mtu kwa jambo ambalo hakufundishwa si uongozi.

Chupa ya Pugu yaweza kuwa Kariakoo asubuhi na jioni ikawa Unguja. Mganga hasafiri nayo. Kinachosafiri nayo ni maandishi yake, na hayo ndiyo yatakayomlinda mgonjwa asiyemjua.