Dakika 20 za kinanda kabla ya kwenda kazini

Mwaka 2010, Alan Rusbridger alikuwa na kila sababu ya kutojifunza jambo jipya. Alikuwa na umri wa miaka 56, mhariri wa gazeti la The Guardian la London, na mwaka huo gazeti lake lilikuwa katikati ya sakata la nyaraka za WikiLeaks. Ndipo mzaliwa huyo wa Lusaka, Zambia, alipojiwekea lengo: ndani ya mwaka mmoja aweze kupiga Ballade ya kwanza ya Chopin, kazi inayowatoa jasho hata wapiga piano wa kulipwa.

Piano haikuwa ngeni kwake. Aliipiga utotoni, kisha akaiacha kwa miaka mingi, kama wanavyofanya wengi. Safari hii alichokuwa nacho ni dakika 20 asubuhi, tena si kila siku.

Ballade hiyo huchukua takriban dakika tisa. Anayejaribu kuipiga yote kila asubuhi huishia kuyazoea makosa yake. Mazoezi ya polepole huenda kinyume: mtu huchagua kipande kifupi, pengine cha sekunde tano tu. Hupiga mkono wa kulia peke yake, kisha wa kushoto, kisha yote miwili, taratibu kiasi kwamba kidole kinajua kinakokwenda kabla hakijafika. Akikosea, hapunguzi umakini bali mwendo. Ubongo huhifadhi kinachorudiwa, kiwe sahihi au kombo. Sehemu ya kazi hiyo hufanyika usingizini, ndiyo maana kipande kilichogoma jioni huweza kulainika asubuhi. Mzazi anayekesha na mtoto mchanga, basi, asijilaumu vidole vikikataa.

Umakini wenyewe si jambo la ajabu. Ni kusikiliza kila sauti hadi inapofifia, na kujikagua: mabega yamepanda? Taya limekazwa? Pumzi imezuiwa?

Maswali hayo yana uzito wa kiafya. Mpiga piano Mmarekani Leon Fleisher alikuwa katika kilele cha umaarufu alipoanza kuona vidole viwili vya mkono wake wa kulia vikijikunja vyenyewe. Alipoona mkono unadhoofika, aliongeza mazoezi, na hali ikazidi kuwa mbaya. Mwaka 1964, akiwa na miaka 36, mkono huo ukashindwa kupiga. Tatizo lake huitwa distonia, hali ambayo ubongo hutuma amri zisizo sahihi kwa misuli. Kwa takriban miaka 30 alifundisha, akaongoza okestra na kupiga kazi zilizotungwa kwa mkono wa kushoto pekee, kabla ya matibabu, zikiwemo sindano za botoksi, kumrudisha kwenye mikono miwili.

Anayepiga dakika 20 kwa siku hayuko karibu na hatari hiyo. Hata hivyo, maumivu ya kifundo au ganzi ya vidole ni ishara ya kuacha kwa siku hiyo, na yakiendelea, kumwona daktari. Chopin mwenyewe, aliyefundisha jijini Paris, aliwaonya wanafunzi wake wasizidishe saa tatu.

Je, ubongo wa mtu mzima unafaidika? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, ukiongozwa na Jennifer Bugos, uliwafundisha piano watu wenye umri wa miaka 60 hadi 85 kwa miezi sita. Walifanya vizuri zaidi katika baadhi ya vipimo vya kumbukumbu na wepesi wa kufikiri kuliko wasiofundishwa. Kikundi kilikuwa kidogo, kwa hiyo anayeuza masomo ya piano kama dawa ya usahaulifu anatia chumvi.

Anayeanza kabisa hahitaji Ballade. Minueti ya Christian Petzold katika sol meja, iliyodhaniwa kwa miaka mingi kuwa ya Bach, inatosha. Piano kubwa nayo si lazima. Kinanda cha umeme chenye vibonyezo vizito kidogo kinafaa, na kikiunganishwa na spika za masikioni, watoto hawaamki.

Rusbridger, mwaka alioupanga ulikwisha kabla ya Ballade kukamilika. Aliongeza miezi. Alikuwa ameshaamini kwamba kichwa chake hakiwezi tena kuhifadhi muziki bila karatasi, akagundua kinaweza. Hatimaye aliipiga mbele ya watu, na mwaka 2013 akachapisha kitabu kuhusu asubuhi zile.