Bugufi: Utawala wa Mwami na Mpaka wa Wakoloni

Historia ya Bugufi, ambayo leo imo katika Wilaya ya Ngara, inatufundisha jambo moja la msingi: mkataba wa wakubwa si mkataba wa wananchi.

Kabla ya ukoloni Bugufi ilikuwa pembe ya mashariki ya ufalme wa Burundi, na watawala wake walitokana na ukoo wa kifalme wa huko. Njia kuu za uchumi zilikuwa ardhi na ng'ombe. Mkulima aliyepewa ng'ombe na mkubwa alilipa kwa kazi, mazao na utii. Huo ulikuwa ukabaila, nasi hatuna sababu ya kuupamba eti kwa kuwa ulikuwa wa Kiafrika.

Baada ya Wajerumani kushindwa, mwaka 1919 Uingereza na Ubelgiji ziligawana nchi. Burundi ilikwenda kwa Wabelgiji. Bugufi ikabaki Tanganyika. Wahangaza, ambao lugha yao na Kirundi ni ndugu, hawakuulizwa. Mwaka 1948 Mwami Mwambutsa wa Burundi aliuomba Umoja wa Mataifa Bugufi irudishwe, lakini haikurudishwa.

Waingereza hawakuwafukuza watawala wa jadi, bali waliwatumia. Sheria ya mwaka 1926 iliwafanya wasimamizi wa amri na kodi za serikali ya kikoloni. Mbinu hiyo haikuwa mpya. Huko Baluchistan, mkataba wa mwaka 1876 ulimwachia Khan wa Kalat kiti chake na kumpa ruzuku, huku majeshi ya Waingereza yakiruhusiwa kukaa nchini mwake. Mtawala alibaki na jina, madaraka yakahama.

Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu. Mwaka 1964, mjini Cairo, nchi za Afrika zilikubaliana kuheshimu mipaka iliyorithiwa. Hazikufanya hivyo kwa kuwa mipaka ilikuwa ya haki, bali kwa kuwa kuifumua kungeleta vita visivyo na mwisho.

Mpaka huo huo uliotenganisha ndugu ukaja kuwa kinga. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa mwaka 1993, maelfu ya Warundi waliuvuka, na wengi waliishi katika kambi ya Lukole, Ngara, hadi ilipofungwa mwaka 2008.

Kwa hiyo kada anapozungumzia mipaka, asiishie kwenye ramani. Aulize pia: ndani ya mpaka huo, nani anatawala, na kwa faida ya nani?