Uchumi wa Matembezi ya Nusu Siku

Matembezi ya nusu siku ni safari ya kwenda penye msitu, kilima, korongo au maporomoko ya maji, kutembea kwa saa mbili hadi sita, kisha kurudi kulala nyumbani. Katika hesabu za utalii wa Afrika Mashariki safari ya namna hii huonekana kwa shida, kwa kuwa haina usiku wa hoteli, haina tiketi ya ndege, wala haihitaji gari lenye paa la kufunguka. Mteja wake mkuu ni mkazi wa mjini mwenye Jumamosi mkononi, raba miguuni na salio la kutosha kwenye simu. Hata hivyo imekwisha kuwa biashara kamili yenye wenye mali, madalali, wasafirishaji na ugomvi wake, hasa kuzunguka Nairobi, na kwa kiasi kidogo zaidi Kilimanjaro, Usambara na Morogoro.

Nairobi imejaliwa mazingira ya biashara hii. Jiji liko juu kiasi kwamba jua la saa nne asubuhi bado linavumilika. Kusini-magharibi kuna Milima ya Ngong, ambayo kilele chake cha Lamwia kina urefu wa mita 2,460. Ukishuka Bonde la Ufa kwa barabara ya Mai Mahiu unafika Longonot, volkano ya mita 2,776. Mashariki, nyuma ya Thika, upo Ol Donyo Sabuk, na kaskazini safu ya Aberdare. Ndani ya jiji lenyewe ipo Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946 ikiwa ya kwanza nchini, yenye kilomita za mraba 117. Lakini humo kuna simba na vifaru, na mgeni hutazama akiwa garini. Anayetaka kutumia miguu yake huenda kwenye misitu: Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kuni za injini za reli, Oloolua kule Karen, au Karura.

Karura ndiyo inayoeleza vizuri jinsi biashara hii inavyofanya kazi. Ni msitu wa hekta 1,041 hivi, umezungukwa na mitaa ya matajiri upande mmoja na vitongoji vya watu wa kipato cha chini upande mwingine. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa kinyemela kwa wajenzi. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake waliupinga ugawaji huo hadi wakapigwa na kujeruhiwa Januari 1999 walipokwenda kupanda miti. Msitu uliokolewa, lakini kwa miaka kumi iliyofuata haukuwa na faida kubwa kwa mwananchi wa kawaida, kwa sababu watu waliogopa kuingia. Wahalifu walijificha humo, na aliyekwenda kukimbia asubuhi alionekana kuwa mtu asiyeitakia mema familia yake.

Kilichobadilisha hali kilikuwa uzio wa umeme, malango yenye walinzi na mkataba. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu jamii inayoishi kando ya msitu kuunda chama na kuusimamia pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Kwa mujibu wa sheria hiyo chama cha Friends of Karura Forest kikaingia ubia na KFS. Walinzi wa jamii waliajiriwa, miti ya kigeni ikaanza kupunguzwa ili ya asili ipandwe, na njia za kutembea na baiskeli zikatengenezwa hadi zikapita kilomita 50. Mito, miti, mapango na maporomoko vilikuwepo siku zote bila kumwingizia mtu senti. Bidhaa mpya iliyoletwa sokoni ilikuwa usalama, na mapato yalianza pale mama alipoweza kumsukuma mtoto kwenye kigari bila kuangalia nyuma.

Bei yake ilibaki ya chini. Kwa miaka mingi raia mtu mzima aliingia kwa kama shilingi 100, chini ya bei ya sahani ya chakula kwenye mikahawa ya karibu. Biashara ya kiingilio cha namna hiyo husimama kwa wingi wa watu na kurudi kwao. Mkimbiaji anayefika mara tatu kwa wiki huacha kwa mwaka fedha nyingi kuliko mgeni wa kimataifa aliyepita mara moja, na hahitaji kutangaziwa. Juu ya kiingilio huja fedha nyingine: baiskeli za kukodi, mkahawa, picha za harusi, siku za michezo za makampuni na mikutano ya familia. Ni jambo la kawaida kwa kundi moja kulipa langoni kiasi kidogo kuliko linacholipa kwa chai na maandazi baada ya kutembea. Janga la Uviko-19 mwaka 2020 lilionyesha nguvu ya mteja wa karibu: mbuga zilizotegemea ndege zilikaa tupu, ilhali misitu ya mjini ilipata watu ambao hawakuwahi kufikiria kutembea kwa starehe.

Nje ya jiji hesabu hubadilika kwa sababu ya usafiri. Longonot na Hell's Gate, zote mbili karibu na Naivasha, ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na zilitangazwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 1983 na 1984. Longonot ina mpango rahisi kueleweka: panda hadi ukingo wa kreta, izunguke kwa kilomita 7 na kidogo, shuka. Hell's Gate ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya zinazomruhusu mgeni kutembea au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na swala, na ruhusa hiyo imezaa biashara nje ya lango. Kwenye njia panda ya barabara ya kusini ya ziwa vijana hukodisha baiskeli kwa siku. Baiskeli iliyochakaa, isiyouzika mjini, hapo huingiza pesa kila wikendi. Ndani, kwenye korongo, waongozaji wa Kimaasai wamekuwa wakiwavusha wageni penye mawe ya kuteleza. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayeonekana kwenye takwimu za lango.

Anayeunganisha mji na mlima ni mwandaaji wa safari za makundi. Mara nyingi ana kazi nyingine ya siku za wiki, na ofisi yake ni kundi la WhatsApp pamoja na namba ya kulipia. Faida yake yote imo kwenye viti. Tuchukue mfano wa kubuni: basi la viti 33 limekodiwa kwa shilingi 18,000 za Kenya, na kila mteja analipa 1,500, ambazo 500 kati yake huishia kwa kiingilio na mwongozaji. Inabaki 1,000 kwa kila kichwa. Wakija watu 18 basi limejilipa, wakija 25 mwandaaji amebaki na 7,000, na wakija 14 ametoa 4,000 mfukoni mwake. Mvua ya Ijumaa usiku inatosha kuwapunguza kutoka 25 hadi 14. Ndiyo maana malipo hudaiwa mapema na hayarudishwi, ingawa mteja huweza kuhamishiwa safari nyingine. Ndiyo maana pia mpiga picha hupewa kiti bure: picha za Jumapili ndizo tangazo la Jumamosi ijayo, na hakuna tangazo la bei nafuu kuliko uso wa mteja aliyefika kileleni.

Biashara hii haina kizuizi cha kuingia, na hilo limeibana. Mwenye simu na marafiki ishirini anaweza kuanza wiki hii. Bei hushindanishwa hadi chini, na cha kwanza kukatwa huwa kile ambacho mteja hakioni: sanduku la huduma ya kwanza, mwongozaji wa pili wa kukaa nyuma ya kundi, bima. Wanaodumu ni wale wanaopanda daraja, kutoka Ngong kwenda Elephant Hill yenye mita zaidi ya 3,600 huko Kinangop, ambako ujuzi wa njia na hali ya hewa humpa mwandaaji sababu ya kutoza zaidi.

Tanzania ina milima mikubwa na soko dogo la ndani. Dar es Salaam, yenye wateja wengi, iko tambarare na joto, na vilima vyake vya karibu ni vya Pugu na Kazimzumbwi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Moshi na Arusha zina kila kitu isipokuwa wingi wa watu wa mjini. Kwa hiyo njia fupi za Kilimanjaro ziliundwa kwanza kwa mgeni wa nje aliyemaliza safari ya mbugani na kubakiwa na siku moja. Mfano ni kupanda kutoka lango la Marangu hadi kibanda cha Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, na kurudi. Ada ya hifadhi kwa mgeni huyo imekuwa dola 70 kabla ya kodi, wakati raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 10,000 za Tanzania. Njia ni ileile, matope ni yaleyale.

Bei hiyo ya hifadhi imefungua nafasi kwa vijiji vilivyo chini ya mpaka wake. Materuni, juu ya Moshi, ina maporomoko yanayokadiriwa kuwa na urefu wa mita 80, na hayamo ndani ya hifadhi. Mgeni hutembea migombani, huoga kwa maji ya baridi, kisha hukaa kwenye ua wa mkulima, ambako kahawa hutwangwa kwa kinu, hukaangwa na kunywewa palepale kwa nyimbo. Mkulima anayemwuzia mgeni kikombe na saa moja ya mapokezi hupata kwa gramu chache za kahawa bei ambayo mnada hautampa kamwe. Lushoto kuna mtindo wa kufanana: mtazamo wa Irente, misitu ya Magamba, na waongozaji wa mji wanaojua kila kijia cha Usambara. Amani, hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia nchini, iliyotangazwa mwaka 1997, ni bora kuliko zote hizi kwa mimea na vipepeo, na barabara yake ndiyo inayoikosesha wageni.

Udzungwa, upande wa Morogoro, ni kisa cha pekee. Hifadhi hiyo ya mwaka 1992, yenye kilomita za mraba 1,990, haina barabara ya gari ndani yake, hivyo kila anayeingia ni mtembeaji. Njia ya maporomoko ya Sanje, yenye jumla ya mita 170, huchukua nusu siku kutoka upande wa Mang'ula, na reli ya TAZARA inapita hapohapo chini ya mlima. Kwa miguu ni hazina, lakini waandaaji wa safari waliozoea kuuza simba kwa saa wamekuwa wazito kuipeleka kwa wateja.

Mzozo mkubwa wa sekta hii unahusu nani anashika fedha za langoni. Tanzania, kuanzia mwaka wa fedha 2020/21, mapato ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, yalielekezwa mfuko mkuu wa serikali, na hifadhi zikawa zinasubiri mgao wa bajeti. Kenya, mwaka 2025, agizo la kwamba viingilio vya Karura vilipwe kupitia eCitizen, jukwaa la malipo la serikali, lilizua mvutano kati ya KFS na chama cha jamii. Hoja ya serikali inaeleweka: fedha za umma zinapaswa kuonekana na kukaguliwa, na malipo ya kielektroniki hupunguza upotevu. Lakini matengenezo ya njia hayana subira ya mzunguko wa bajeti. Daraja la mbao lililovunjika Aprili linatakiwa kujengwa Aprili, na mlinzi asiyelipwa kwa miezi miwili haji kazini. Kwa msitu unaouza usalama, kuchelewa kwa mshahara wa mlinzi ni kuharibika kwa bidhaa yenyewe.

Njia yenyewe hugharimu kuliko inavyodhaniwa. Njia iliyochorwa kunyooka kileleni hugeuka mfereji baada ya misimu michache ya mvua: maji huifuata, udongo huondoka, watembeaji hukwepa pembeni na kuipanua, na mimea ya kando hufa. Longonot, ambako ardhi ni majivu ya volkano, mitaro ya namna hiyo humfika mtu kiunoni, na wakati wa kiangazi vumbi hufunika kundi zima. Dawa inajulikana, nayo ni kuipitisha njia kwa mshazari, kuweka vizuizi vya kutoa maji pembeni, kujenga ngazi penye mwinuko, na kuifunga sehemu iliyochoka. Yote hayo ni kazi ya jembe na mikono, isiyokuwa na sherehe ya kukata utepe, na pengine ndiyo sababu hupata wafadhili wachache kuliko lango jipya lenye bango.

Hatari nayo haijapewa bei yake. Korongo la Hell's Gate liliua wageni kwa mafuriko ya ghafla mwaka 2012 na tena mwaka 2019. Mvua inaweza kunyesha mbali juu milimani huku anga la korongoni likiwa jeupe, na maji yakifika kwenye kuta zile nyembamba hakuna pa kukimbilia. Kila ajali hufunga njia, na njia ikifungwa hukosa wateja mwenye baiskeli, mwongozaji, mchoma nyama wa Naivasha na mwandaaji wa Nairobi, ambao hakuna hata mmoja mwenye bima ya kupotelewa na kipato. Mwongozaji ndiye mwenye ujuzi wa kulirudisha kundi kabla ya hatari, lakini hulipwa kwa kundi lililoingia. Hifadhi zinazotaka waongozaji wawe wepesi kusema hapana zina njia mbili: kuwalipa mshahara wa siku, korongo likiwa wazi au limefungwa, au kuhamisha uamuzi wa kufunga kwa askari wa lango, ambaye pato lake halitegemei idadi ya wanaoshuka.