Swichi Iliyomo Ndani ya Kirusi cha Saratani

Akina mama wengi wamepata kusikia kwamba saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi. Ni wachache, hata hivyo, walioelezwa jinsi kidudu kisichoonekana kwa macho kinavyoweza kuigeuza seli ya binadamu ikawa adui wa mwili wake.

Virusi hivyo huitwa HPV. Mwaka 1983 mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, na wenzake waliitambua aina ya 16 ndani ya uvimbe wa saratani hiyo. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Maagizo yote ya kirusi hiki yamo katika DNA iliyofungamana kama pete, yenye jozi za herufi zipatazo 8,000 tu. Sehemu kubwa ya pete hiyo ni jeni, yaani maagizo ya kutengeneza protini. Lakini ipo sehemu fupi isiyotengeneza protini yoyote. Hiyo ni mfano wa swichi ya mashine: ndiyo inayoamua jeni zifanye kazi lini na kwa kiasi gani. Protini za seli hushika hapo na kuiwasha. Protini ya kirusi iitwayo E2 nayo hushika hapo hapo na kuipunguza, ili jeni mbili za hatari, E6 na E7, zisipite kiasi.

Maadamu E2 ipo, madhara huwa madogo, na mara nyingi mwili hushinda wenyewe. Balaa huanza pete inapokatika na kujichomeka katika DNA ya binadamu. Mara nyingi hukatika penye jeni ya E2. Hapo mkono wa kuizima swichi hutoweka, nayo hubaki imewashwa usiku na mchana. Protini za E6 na E7 hufurika na kuwalemaza walinzi wawili wa seli, p53 na Rb, ambao huizuia isigawanyike ovyo.

Safari hiyo huchukua miaka mingi, na hapo ndipo penye tumaini. Mabadiliko ya awali huonekana kwa kipimo chepesi cha siki, yakatibiwa kabla hayajawa saratani. Aidha, tangu mwaka 2018 Tanzania imekuwa ikiwachanja wasichana nchini kote. Basi, mzazi, usingoje maumivu: mama akapimwe, binti akachanjwe.