Flashi ya Bei Ndogo: Tuipime Kabla ya Kuiamini

Watoto, tazameni kitu hiki. Ni kidogo kama kidole. Upande mmoja kina mdomo wa chuma wenye pembe nne. Upande wa pili kina tundu la kupitishia kamba. Mtu akikiona mezani atafikiri ni kifuniko cha kalamu tu. Lakini maandiko ya vitabu vyote vya shule yetu yanaweza kuingia humo, na nafasi ikabaki.

Kitu hiki kinaitwa flashi. Kazi yake ni kubeba maandiko, picha na nyimbo kutoka kompyuta moja mpaka nyingine. Sokoni kuna flashi za bei kubwa na za bei ndogo. Ya bei ndogo hununuliwa kwa dola chache tu. Je, yafaa kwa kazi ya kila siku? Tusijibu upesi. Kwanza tuijue, kisha tuipime.

Safari ya majina 43

Tuseme shule yenu iko katika kijiji cha kando ya ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie. Mwaka wa masomo unakaribia mwisho. Wanafunzi 43 wa darasa la sita wanangoja mtihani. Mkubwa wa shule ameandika majina yao katika kompyuta: jina la kila mtoto, siku ya kuzaliwa, jina la baba na jina la mama. Kazi hiyo imemchukua siku tatu. Lakini kijijini hakuna mashine ya kuchapa. Basi anaandika orodha katika flashi, anatia flashi mfukoni, anapanda mashua kwenda Kalemie.

Anafika mjini. Anaingia katika nyumba ya kuchapa. Flashi inaingizwa katika kompyuta. Loo! Orodha haifunguki. Wanajaribu mara ya pili, mara ya tatu. Bure. Na kule shuleni je? Kule orodha imekwisha kufutwa, maana mkubwa wa shule alifikiri: «Iliyo katika flashi yatosha.»

Kesho ni siku ya mwisho ya kupeleka majina. Mtoto asiyeandikwa hatafanya mtihani. Kosa ni la nani? La flashi, au la mwenye flashi? Shikeni swali hili. Tutalijibu mwishoni.

Ndani ya flashi mna nini?

Flashi haina wino, wala karatasi. Inaandika kwa umeme. Ndani yake mna kipande chembamba kiitwacho chipu. Katika chipu mna vyumba vidogo, mabilioni na mabilioni, visivyoonekana kwa macho. Kompyuta ikitaka kuandika, husukuma umeme kidogo sana katika vyumba fulani. Umeme huo hunaswa humo, kwa sababu kuta za vyumba hazipitishi umeme kwa urahisi. Ukichomoa flashi, umeme ule hubaki ndani. Ndiyo maana flashi haihitaji betri.

Aliyevumbua namna hii ya kutunza maandiko ni Fujio Masuoka, Mjapani aliyefanya kazi katika kampuni ya Toshiba, katika miaka ya 1980. Mwenzake mmoja aliona kwamba vyumba vingi hufutwa kwa mara moja, kama mwanga wa kamera unaowaka ghafula na kuzimika. Mwanga ule huitwa flashi. Jina likabaki.

Flashi za kuchomeka katika kompyuta zilianza kuuzwa mwaka 2000. Moja ya zile za kwanza ilibeba megabaiti 8 tu. Leo flashi ndogo ya kawaida hubeba gigabaiti 32, yaani mara 4,000 zaidi.

Lakini vyumba vile vina udhaifu wa namna mbili. Kwanza, huchakaa. Mkiandika kwa kalamu ya risasi katika daftari, mkafuta kwa mpira, mkaandika tena, mkafuta tena, karatasi inakuwaje? Inatoboka. Kuta za vyumba vya flashi nazo hudhoofika kila mara zinapofutwa. Katika flashi za bei ndogo, kila chumba hubebeshwa alama nyingi ili nafasi iwe kubwa kwa bei ndogo. Vyumba hivyo huchoka mapema zaidi. Pili, umeme huvuja polepole. Flashi iliyofungiwa sandukuni miaka mingi yaweza kupoteza kilichomo, ingawa hakuna mtu aliyeigusa.

Sasa tunaijua. Tuipime.

Jaribio la kwanza: mwili

Shikeni flashi mkononi. Mdomo wake wa chuma ukitikisika kama jino bovu, flashi hiyo haifai. Flashi nyingi huvunjika shingoni. Imechomekwa katika kompyuta, mtu anapita, anaigonga kwa kiwiko, inakatika. Kwa hiyo flashi fupi ni bora kuliko ndefu.

Tazameni tena kama mdomo una kifuniko. Vumbi la njia na majasho ya mfukoni huharibu chuma. Kama haina kifuniko, itieni katika mfuko mdogo wa nailoni. Anayesafiri ziwani aifunge vema zaidi, maji yasiingie.

Mdomo huu wa pembe nne huingia kwa upande mmoja tu. Ukikataa, msisukume kwa nguvu. Geuzeni, kisha jaribuni tena.

Jaribio la pili: nafasi

Baiti moja hubeba herufi moja. Ukurasa wa kitabu una herufi kama 2,000. Kitabu cha kurasa 100 kina herufi 200,000. Gigabaiti 32 ni baiti 32,000,000,000. Gawanyeni: ni vitabu 160,000 visivyo na picha! Picha ni nzito zaidi. Picha moja ya simu yaweza kuwa na megabaiti 4. Flashi hiyo itachukua picha kama 8,000.

Lakini mkichomeka flashi ya gigabaiti 32, kompyuta nyingi huandika 29.8, au pungufu kidogo. Je, mwuzaji ametuibia? Hapana. Kiwandani wanahesabu kwa 1,000. Kompyuta hizo huhesabu kwa 1,024. Kitu ni kilekile, vipimo ni viwili. Hapo hakuna wizi.

Wizi uko mahali pengine. Kuna flashi za uongo. Juu yake pameandikwa gigabaiti 128, au hata terabaiti 2, yaani gigabaiti 2,000, na bei yake ni dola chache tu. Hata kompyuta husoma namba hiyo kubwa, kwa sababu flashi imefundishwa kusema uongo. Lakini chipu ya ndani ni ndogo, labda gigabaiti 8 tu. Mkiandika ya kwanza, yanaingia vema. Nafasi ya kweli ikiisha, flashi haisemi «nimejaa». Inaendelea kupokea. Maandiko mapya hufuta yale ya zamani, au hupotea. Majina ya mafaili mnayaona, lakini mkiyafungua, hamna kitu. Wazee walisema kweli: vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu.

Tutaitambuaje? Tusitazame namba tu. Tuijaze. Flashi mpya ikiwa tupu, tuijaze mpaka mwisho, tuichomoe, tuirudishe, tusome yote tuliyoandika. Kuna programu za bure zinazofanya kazi hiyo, kama H2testw na F3. Programu huandika mpaka flashi ijae, kisha husoma tena na kulinganisha. Yasipolingana, flashi ni ya uongo au ni mbovu. Irudisheni kwa mwuzaji siku ileile.

Jaribio la tatu: mwendo

Kwa jaribio hili tunahitaji saa ya ukutani tu. Chukueni faili moja la megabaiti 4,000. Liandikeni katika flashi, mkihesabu dakika. Flashi ya bei ndogo yaweza kuandika megabaiti 5 kwa sekunde. 4,000 tugawanye kwa 5 ni sekunde 800, yaani dakika 13 na sekunde 20. Kusoma ni kwepesi zaidi. Ikisoma megabaiti 20 kwa sekunde, itamaliza kwa sekunde 200, yaani dakika 3 na sekunde 20.

Jueni tena jambo hili. Mafaili madogo 1,000 huchukua muda mrefu kuliko faili moja kubwa lenye uzito uleule. Kwa nini? Mtu akileta gunia moja la mihogo sokoni, karani anaandika mara moja. Akileta vikapu 1,000 vidogo, karani anaandika mara 1,000.

Kwa orodha ya majina mwendo huo watosha kabisa. Orodha ni nyepesi, inaingia upesi sana. Mwenye kubeba sinema nyingi kila siku atachoka kungoja. Huyo anunue flashi ya USB 3, inayoweza kwenda mbio zaidi. Mara nyingi ndani ya mdomo wake mna rangi ya buluu. Lakini aichomeke katika tundu la USB 3 vilevile, la sivyo haitapata mbio zake.

Inafaa, au haifai?

Basi tujibu. Flashi ya bei ndogo iliyopita majaribio matatu inafaa kwa kubeba: kupeleka barua ikachapwe, kumpa mwenzako somo, kuleta picha nyumbani. Haifai kwa kutunza. Kitu ambacho hamtaki kukipoteza kamwe kisikae katika flashi peke yake. Mkoba wa safari si ghala. Flashi ni mkoba.

Shikeni kanuni hizi nne:

Ya kwanza. Kinachobebwa katika flashi kiwepo pia mahali pengine. Msifute cha nyumbani kwa sababu kimeingia flashini.

Ya pili. Kabla ya kuondoka, fungueni faili katika flashi yenyewe, mlisome. Kuona jina lake hakutoshi.

Ya tatu. Msichomoe flashi ghafula. Mara nyingine kompyuta husema «nimemaliza», kumbe ingali na sehemu ya kazi mkononi. Amrisheni kompyuta iiachie flashi, ngojeni jibu, ndipo mchomoe.

Ya nne. Jihadharini na virusi vya kompyuta. Hizi ni programu mbaya zinazohama kutoka kompyuta mpaka kompyuta, na flashi ni mtumbwi wao. Mwaka 2008 virusi vilivyoitwa Conficker vilitokea, vikaenea katika nchi nyingi, na njia mojawapo ilikuwa flashi. Katika nyumba ya kuchapa, flashi za watu wengi huingia kompyuta moja. Ikirudi kutoka huko, ipimwe kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kufungua chochote.

Turudi kwa mkubwa wa shule

Sasa turudi Kalemie. Kosa lilikuwa la nani? Labda flashi ilikuwa mbovu. Labda ilichomolewa mapema. Sisi hatujui. Lakini twajua jambo moja: kama orodha ingalibaki katika kompyuta ya shule, mtu kijijini angaliweza kunakili majina yale 43 na kuyaleta kwa mashua nyingine. Kama angalikuwa na orodha ya pili iliyoandikwa kwa mkono, ikiwa mfukoni, angaliweza kuisoma palepale, nayo ingaliandikwa upya kabla ya jua kuchwa. Flashi ilianguka mara moja. Mwenye flashi alianguka alipofuta orodha.

Kitu cha bei ndogo si kitu kibaya. Kinaomba mwenye akili tu. Tukijue, tukipime, tukipe kazi inayolingana na nguvu zake. Tusikitwike mzigo wa darasa zima peke yake.

Maswali

1. Kwa nini flashi haihitaji betri?
2. Flashi inafanana namna gani na karatasi inayofutwa mara nyingi?
3. Kompyuta imeandika 29.8 kwa flashi ya gigabaiti 32. Je, mwuzaji ni mwizi? Elezeni.
4. Flashi ya uongo hutambuliwa namna gani?
5. Hesabu: flashi inaandika megabaiti 8 kwa sekunde. Itaandika faili la megabaiti 2,400 kwa dakika ngapi?
6. Semeni mambo mawili ambayo yangaliwaokoa wanafunzi 43.