Kifua Kikuu kwa Mama Mja Mzito na Aliyejifungua

Mama mja mzito akichoka, watu wa nyumbani husema ni mimba. Akikosa hamu ya chakula, ni mimba. Akihema apandapo kilima, pia ni mimba. Mara nyingi wasema kweli. Lakini dalili hizo hizo huletwa na kifua kikuu, nacho hujificha kwa mama huyo kuliko kwa watu wengine. Hata kukonda, alama ijulikanayo na wote, huenda kusionekane, kwa kuwa mimba yaongeza uzito huku ugonjwa ukiupunguza. Basi mama ambaye uzito wake hauongezeki mwezi hata mwezi yafaa achunguzwe, hasa akiwa na kikohozi kisichopona, homa za jioni au jasho jingi usiku. Makohozi yenye damu ni alama ya hatari, walakini si busara kuingoja damu.

Miezi ya kwanza baada ya kuzaa yataka uangalifu zaidi. Nguvu za mwili za kupigana na magonjwa hubadilika wakati wa mimba, na zirudipo, ugonjwa ulionyamaza huweza kuzuka. Hapo husingiziwa kukesha na mtoto, au kijicho cha jirani, na majuma hupita bure.

Kupimwa si jambo la kuogopesha. Mama hutoa makohozi ya kifuani, si mate. Vijidudu vya ugonjwa huu, vilivyotambuliwa na Daktari Robert Koch wa Ujerumani mwaka 1882, vilitafutwa kwa darubini miaka mingi. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeikubali mashine ya GeneXpert, itoayo jibu kwa saa mbili hivi. Makohozi yasipoonyesha kitu na dalili zikiendelea, shauri halijaisha: hufuata picha ya kifua, ambayo miale yake imfikiayo mtoto tumboni ni kidogo mno.

Dawa za kawaida humezwa kwa miezi 6, na mja mzito huzitumia. Ila sindano ya streptomisini hanyimwi bure, kwani yaweza kuharibu masikio ya mtoto. Kwa hiyo amwambie daktari mapema kwamba ana mimba. Mtoto akizaliwa naye achunguzwe. Maziwa hayapitishi kifua kikuu, hupitishwa na pumzi za mwenye kukohoa; basi mama anyonyeshe, akijifunika kinywa na pua mpaka daktari aseme imetosha. Katika Kenya dawa hizo hutolewa bila malipo katika hospitali na zahanati za Serikali.