Usalama wa programu: mashine inaonyesha mstari wenye hatari, mtu ndiye anausoma

Tarehe 7 Aprili 2014, watumiaji wa intaneti duniani walipata habari mbaya: kufuli linalolinda siri zao lilikuwa na tundu. Tundu hilo, lililopewa jina la Heartbleed, lilikuwa ndani ya OpenSSL, programu ya bure ambayo seva nyingi zinaitumia kuficha maneno ya siri na namba za benki zinapopita njiani. Lilikaa humo miaka miwili. Siku chache baadaye, idara ya kodi ya Canada ilitangaza kwamba namba za utambulisho za watu karibu 900 zimeibwa kupitia tundu hilo.

Kosa lenyewe ni rahisi kulielewa. Ordinatere moja inatumia nyingine neno fupi ili kujua kama bado iko hewani, na hiyo nyingine inarudisha neno lilelile. Mwizi alituma neno la herufi chache, akadai lina herufi zaidi ya 60 000. Seva haikuhesabu. Ilirudisha neno hilo pamoja na chochote kilichokuwa kando yake katika kumbukumbu, hata maneno ya siri ya watu wengine. Ni kama mteja anayetoa noti ya franga 5 000 na kusema ni 20 000, halafu mwenye duka anamrudishia chenji bila kutazama noti.

Lugha inayomwamini mwandishi

OpenSSL imeandikwa kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. C ina mwendo wa kasi, lakini haipimi yenyewe kama maneno yanatosha katika nafasi yaliyotengewa. Kazi hiyo imeachiwa mwandishi. Novemba 1988, programu iliyojisambaza yenyewe ilikwamisha maelfu ya mashine. Moja ya njia zake ilikuwa amri ya C iitwayo gets, inayopokea maneno bila kujali kama chombo kimejaa. Amri hiyo iliondolewa katika kanuni za C mwaka 2011.

Kuchunguza kabla ya kutumia

Kuna programu zinazosoma maandishi ya C na kuonyesha penye wasiwasi. Moja ni Flawfinder, ya bure, iliyotengenezwa na Mmarekani David A. Wheeler na kutolewa mwaka 2001. Inatafuta amri zinazojulikana kuwa za hatari na kuzipa alama toka 0 hadi 5. Amri ya gets inapata 5. Ile ya strcpy, inayonakili maneno bila kupima nafasi, inapata 4. Nayo memcpy inapata 2 tu.

Lakini kosa la Heartbleed lilikuwa kwenye memcpy. Katika programu kubwa amri hiyo inaweza kuonekana mara mamia, na mara nyingi haina shida yoyote. Ndiyo maana haitoshi kutazama alama kubwa peke yake. Lazima mtu asome kila mstari ulioonyeshwa na kuuliza: urefu huu umetoka wapi, na nani ameupima? Hata Coverity, chombo cha kulipia kinachoheshimika, hakikuwa kimeliona kosa hilo. Wahandisi wake walikiongezea uwezo huo baadaye.

Inatuhusu vipi?

Simu ya Android unayotumia kumtumia mzazi pesa ina kiini cha Linux, kilichoandikwa kwa sehemu kubwa kwa C. Simu inapoomba kusasishwa, mara nyingi kuna tundu linalozibwa. Usiahirishe.

Na kwa wanafunzi wa informatike: Flawfinder haihitaji mashine ya bei kali. Ipitishe kwenye kazi yako, kisha keti usome ilichokuonyesha. Noti inahesabiwa mteja akiwa bado dukani.